Tarishi wa giza: namna melatonini inavyofanya kazi mwilini

Wanaouliza habari za melatonini huku kwetu Kusini, iwe Mtwara mjini, Masasi au Lindi, huiita kidonge cha usingizi. Jina hilo ndilo linaloharibu mambo. Mtu akishaliamini, anakimeza kidonge saa anayopanda kitandani, taa nyeupe inawaka juu ya kichwa, simu iko usoni, kisha lepe la usingizi lisipomjia anasema ameuziwa feki. Huenda kidonge ni kizima kabisa. Shida ni kwamba amempa tarishi kazi ya mnyapara.

Melatonini ni homoni, ujumbe wa kikemikali unaotembea na damu. Ujumbe wenyewe ni mfupi: usiku umeingia. Kila kiungo kikipata habari hiyo kinafanya kinachokihusu. Binadamu akiipata anaanza kujiandaa kulala. Komba naye melatonini yake hupanda usiku kama yetu, ila yeye ndiyo kwanza anaamka, anaruka minazini kutafuta tembo la mgema. Panya vilevile. Ingekuwa melatonini inalaza, komba wangelala usiku na sisi. Hoja hii ndogo naiona ndiyo ufunguo wa mambo yote yanayofuata, kwa hiyo naomba msomaji aishike.

Jina lake limetoka kwenye ngozi ya chura. Mwaka 1917 watafiti wawili wa Marekani, McCord na Allen, waliwalisha viluwiluwi tezi ya pineali ya ng'ombe iliyosagwa, ile tezi ndogo ya ubongoni inayotengeneza melatonini, wakaona ngozi zao zinapauka. Mwaka 1958 daktari wa ngozi wa Chuo Kikuu cha Yale, Aaron Lerner, akaitoa kemikali yenyewe kwenye tezi hizo. Alikuwa anatafuta dawa ya mabaka meupe ya ngozi. Dawa hakuipata, akapata homoni ya usiku. Miaka 40 baadaye, mwaka 1998, Ignacio Provencio na wenzake walikuta kwenye seli za ngozi ya chura kemikali nyingine inayohisi mwanga, wakaiita melanopsini, na baadaye hiyohiyo ikaonekana ndani ya jicho la binadamu. Kwa hiyo chura ametupa pande zote mbili za habari hii: ujumbe wa usiku, na kile kinachouzuia.

Njia ya ujumbe

Nyuma ya jicho kuna kiwambo kiitwacho retina. Mbali na seli zinazotuonesha sura na rangi, kina seli chache zenye melanopsini ambazo kazi yake kubwa ni kupima wingi wa mwanga. Zinashtuka zaidi kwa mwanga wa buluu, wa urefu wa wimbi wa nanomita 480 hivi. Nyuzi zake zinakwenda moja kwa moja hadi kwenye vifundo viwili vidogo vya seli vilivyo juu kidogo ya pale neva za macho zinapopishana, ndani ya sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi. Vifundo hivyo, vyote viwili vina seli 20,000 hivi, ndivyo saa kuu ya mwili. Saa hiyo ikiachwa peke yake bila mwanga wa kuirekebisha, kwa watu wengi inatembea kwa mzunguko wa masaa 24 na dakika 10 hivi, kwa hiyo kila siku inachelewa na inahitaji kusogezwa mbele kidogo. Jua la asubuhi ndilo linaloisogeza.

Kutoka kwenye saa hadi kwenye tezi ya pineali ni mwendo wa sentimita chache tu, lakini habari haipiti njia hiyo ya mkato. Inashuka na uti wa mgongo mpaka usawa wa kifua cha juu, inatoka nje ya uti, inapanda shingoni hadi kwenye fundo la neva lililo karibu na pembe ya taya, kisha inarudi kichwani ikiambatana na mishipa ya damu. Ndiyo maana mtu aliyeanguka kwenye mnazi au mwembe akavunjika shingo, na uti wa mgongo ukakatika kabisa usawa wa shingo, melatonini yake haipandi tena usiku hata kama macho na ubongo ni wazima. Aliyeumia kiunoni anaendelea kuwa nayo, kwa sababu njia yake haikuguswa. Anayeuguza mgonjwa wa aina hii na kumwona anakesha, ajue kwamba mkesho ule si wa mawazo peke yake.

Tezi yenyewe ni ndogo kama punje ya mchele, milimita 5 hadi 8, imekaa katikati ya ubongo. Mchana inajaa serotonini, kemikali ambayo ndiyo malighafi ya melatonini, nayo imetokana na triptofani, kijenzi cha protini tunachokula kwenye samaki, mayai, kunde na karanga. Giza likiingia, ncha za neva zinamwaga kemikali ya ujumbe iitwayo noradrenalini juu ya seli za tezi, na hapo kinaamka kimeng'enya (protini inayoendesha badiliko la kikemikali) kiitwacho AANAT. Hicho kinaigusa serotonini na kuibadili hatua ya kwanza. Kimeng'enya cha pili, ASMT, kinamalizia, na melatonini inatoka. Mlango wa kazi yote ni AANAT. Mwanga ukiwaka, kimeng'enya hicho kinavunjwa ndani ya dakika chache na mtambo unasimama.

Hapo ndipo ushauri wa kula korosho ili upate usingizi unapokwama. Korosho zina triptofani, ni kweli, na ni chakula kizuri. Lakini serotonini haipungui kwenye tezi hata siku moja kwa mtu anayekula vizuri. Kinachopungua ni giza la kufungulia mlango. Ukila bakuli zima chini ya taa kali, hujaongeza kitu.

Jambo jingine la kushika: tezi haina ghala. Ikitengeneza, inaachia papo hapo kwenye damu na kwenye maji ya ubongo. Usiku mzima mtu mzima anatengeneza mikrogramu 30 hivi. Na haikai: kila baada ya dakika 40 au 50 nusu ya iliyomo kwenye damu imeondoka, imepelekwa ini, imebadilishwa, imetolewa na mkojo. Kwa hiyo usiku wa melatonini hauwezi kuwekwa akiba wala kulipwa kesho. Mtambo ukizimwa masaa mawili, ni masaa mawili yaliyopotea.

Ikifika mahali inakokwenda inashikwa na vipokezi vya aina mbili, MT1 na MT2. Vya MT1 vilivyo kwenye saa kuu vinaituliza, ile sauti ya "kaa macho" inapungua. Vya MT2 vinahusika zaidi kuisogeza saa mbele au nyuma. Mishipa ya damu ya mikono na miguu inatanuka, joto linatokea huko, na joto la ndani ya mwili linashuka. Ukimgusa mtoto aliyeanza kusinzia ukakuta nyayo zina joto, ndiyo kazi hiyo unaishika kwa mkono. Hapa pwani chumba cha bati kinachotoa joto mpaka saa 5 usiku kinaharibu hatua hii, kwa sababu mwili hauna pa kulitupa joto lake. Kuoga maji ya uvuguvugu saa moja au mbili kabla ya kulala kunasaidia: damu inaitwa kwenye ngozi, kisha mwili unapoa.

Saa zetu na jua letu

Kwa mtu anayelala saa 5 usiku, melatonini huanza kupanda kwenye saa 3, kwa kuwa kwa kawaida inatangulia usingizi kwa masaa mawili. Inafika kileleni usiku wa manane, kati ya saa 8 na saa 10, halafu inashuka kuelekea alfajiri. Joto la mwili nalo hufika chini kabisa masaa mawili hivi kabla ya saa uliyozoea kuamka.

Sisi tuna bahati ya jiografia. Mtwara iko nyuzi 10 na kidogo kusini mwa ikweta. Siku ndefu ya Desemba na siku fupi ya Juni hazipishani sana, ni saa moja na dakika kumi hivi. Desemba jua linachomoza dakika chache kabla ya saa 12 asubuhi. Juni linachelewa hadi saa 12 na nusu na kuzama mara baada ya saa 12 jioni. Urefu wa usiku ni masaa 11 na kitu hadi 12 na kitu, mwaka mzima. Hata namna yetu ya kuhesabu saa inaanza na jua, saa moja ya asubuhi na saa moja ya usiku, na ukiiangalia vizuri ni kalenda ya melatonini: saa moja usiku giza limeingia, mtambo unaandaliwa, saa moja asubuhi umezimwa. Huko Ulaya ya kaskazini, ambako Desemba jua ni la masaa sita tu, watu wanasumbuliwa na mambo ambayo hapa hayatuhusu. Usiku wetu tunaukata wenyewe, kwa balbu.

Kipimo cha mwanga unaolifikia jicho ni laksi. Jua la utosi ufukweni Msimbati linafika laksi 100,000. Siku ya mawingu, nje bado kuna elfu kadhaa. Mbalamwezi ya mwezi mpevu haifiki hata laksi 1. Kibatari kilichokaa mita 1 kutoka usoni ni laksi 1 hivi. Balbu ya LED ya wati 9 inayoning'inia katikati ya chumba inakupa makumi kadhaa ya laksi, na ukiwa umekaa karibu chini yake, zaidi.

Mwaka 1980 Alfred Lewy na wenzake walionesha kwamba laksi 2,500 zinaizima melatonini ya binadamu, na kwa muda watu wakadhani taa za nyumbani ni dhaifu mno kudhuru. Vipimo vya baadaye vilikataa. Utafiti uliochapishwa 2011 uliwaweka watu kwenye mwanga wa kawaida wa chumba, chini ya laksi 200, jioni kabla ya kulala. Muda wa melatonini yao ukafupika kwa dakika 90 hivi kulinganisha na walipokaa kwenye mwanga hafifu. Mwingine wa 2019 ulikuta kwamba kwa wastani laksi 25 hivi zinatosha kuikata melatonini nusu. Lakini watu hawafanani hata kidogo: aliyekuwa mwepesi kuliko wote alifika nusu kwa laksi 6, mgumu kuliko wote kwa laksi 350. Ndiyo maana ndani ya nyumba moja baba analala fofofo taa ikiwaka, mama anageuka geuka hadi saa 7. Wote wawili wanasema kweli.

Na kuna jambo linaloongeza au kupunguza wepesi huo: mwanga wa mchana. Jicho lililoshinda kwenye jua kali linasumbuliwa kidogo na taa ya jioni. Lililoshinda ndani, ofisini au dukani nyuma ya shehena, linaiona taa ileile kuwa kali. Mkulima anayepalilia mikorosho Tandahimba kuanzia asubuhi ana kinga ambayo karani hana. Karani anaweza kuipata kwa nusu saa au zaidi nje kabla ya saa 3 asubuhi, bila miwani ya jua. Ni dawa ya bure na naiweka juu ya kidonge chochote.

Kwenye kununua balbu, soma namba yenye herufi K kwenye boksi. 6500K ni nyeupe inayoelekea buluu, ndiyo inayojaa madukani, na ndiyo inayomkamata melanopsini barabara. 2700K au 3000K ni ya manjano kama ya taa ya zamani. Kwa wati zilezile inasumbua kama nusu hivi ya ile nyeupe, si kwamba haisumbui. Nyeupe ifungwe jikoni na penye kazi. Ya manjano sebuleni na chumbani. Umbali nao una nguvu ambayo watu hawaidhanii: ukitoka mita 1 hadi mita 2 kutoka kwenye balbu, mwanga unaokufikia moja kwa moja unabaki robo. Kwa hiyo anayepanga chumba kimoja chenye balbu moja asihangaike kununua vifaa. Baada ya saa 3 azime ile ya juu, awashe taa ndogo chini, nyuma ya kiti, ielekee ukutani. Simu ipunguzwe mwanga hadi mwisho na ishikwe mbali. Kile kichujio cha manjano peke yake, mwanga ukiwa bado umejaa, hakikuokoi. Anayeamka kwenda choo cha uani aelekeze tochi chini kwenye miguu, asiwashe balbu ya chumba.

Taa ya ulinzi ya jirani ni mateso ya pekee. Chandarua hakizuii mwanga. Kanga moja haitoshi pia, inapitisha. Ikunjwe mara mbili au kiwekwe kitenge kizito, na ule upenyo kati ya ukuta na bati uzibwe upande wa kichwani, ukiacha upande wa pili hewa ipite.

Wavuvi wa dagaa

Kama kuna watu ambao melatonini yao inastahili kuhurumiwa, ni wavuvi wa dagaa wa Kilwa, Lindi na Mikindani. Wanafuata giza la mwezi. Mwezi usipokuwepo, wanaondoka magharibi na kurudi alfajiri, usiku mzima wakitazama maji yanayowaka kwa taa. Zamani karabai, siku hizi LED za betri. Mwezi ukipevuka taa haina nguvu tena majini, vyombo vinabaki pwani, na mvuvi analala usiku kama watu wengine kwa siku kadhaa. Sasa saa ya mwili husogea kwa kiasi cha saa moja kwa siku. Ikianza kuzoea kazi ya usiku, mbalamwezi inaingia. Ikianza kuzoea mapumziko, giza linarudi. Haifiki popote.

Kuna kanuni moja inayoeleza mengi. Chukua saa ile ya joto la chini kabisa, tuseme saa 10 alfajiri kwa anayeamka saa 12. Mwanga mkali unaoliingia jicho kabla ya hapo unaisukuma saa ichelewe. Unaoingia baada ya hapo unaivuta iwahi. Mvuvi anapata vyote viwili usiku mmoja: taa inasukuma hadi saa 10, kisha jua la ufukweni linavuta wakati anapakua na kuuza. Ni kuvuta kamba pande mbili.

Cha kufanya ni kulinda usingizi, kuliko kupigana na saa. Taa zifungwe kofia ya bati juu na pembeni, mwanga wote uende majini na usipige nyuso. Dagaa nao wanapata mwanga zaidi kwa betri ileile. Wakati wa kurudi, kofia yenye ukingo mpana na miwani ya jua, isipokuwa kwa anayeshika usukani au anayeendesha bodaboda huku macho mazito, huyo miwani aiache. Kazi ya kuhesabu na kuuza igawanywe ili anayetoka baharini alale kabla ya saa 3 asubuhi, maana bati likishapata moto usingizi haupo. Masaa manne au matano asubuhi, kisha saa moja na nusu nyingine alasiri kabla ya kuondoka. Kahawa ni ya nusu ya kwanza ya usiku. Ikinywewa ndani ya masaa sita kabla ya kulala inakaa njiani.

Wauguzi wa zamu ya usiku, walinzi wa maghala msimu wa korosho na wafanyakazi wa viwandani wachukue kanuni hiyohiyo. Zamu za usiku mbili au tatu mfululizo zisitumike kuhamisha saa ya mwili. Haiwahi. Pata usingizi wa alasiri kabla ya zamu ya kwanza, fanya kazi penye mwanga wa kutosha kwa usalama wa mgonjwa au mashine, kisha lala mapema kwenye giza ukirudi. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliiweka kazi ya zamu za usiku kwenye kundi la mambo yanayoelekea kusababisha saratani mwaka 2007, ikarudia hivyo 2019. Kuzimwa kwa melatonini ni mojawapo ya sababu zinazotazamwa. Mwajiri anayepanga zamu alijue hilo.

Kula usiku nako kuna hesabu yake. Kongosho lina vipokezi vya melatonini, na homoni ikiwa juu, insulini inatoka kidogo. Sahani ya wali ya saa 4 usiku inapandisha sukari kuliko sahani hiyohiyo saa 1, na kwa wenye namna fulani ya jeni ya kipokezi hicho tofauti ni kubwa zaidi. Mwenye kisukari amalize chakula masaa mawili au matatu kabla ya kulala. Mwezi wa Ramadhani daku haikwepeki, basi iliwe kwa mwanga hafifu, na iwe maharage, samaki na uji zaidi kuliko vitu vya sukari tupu.

Watoto, wazee, na dawa nyingine

Mtoto mchanga hana mdundo wake wa melatonini mpaka akaribie miezi mitatu. Anapewa na mama: maziwa ya usiku yana melatonini, ya mchana karibu hayana. Anayekamua maziwa akayahifadhi aandike saa kwenye chombo, ya usiku anyweshwe usiku. Kubadilisha nepi saa 8 usiku kufanywe kwa taa ndogo ya manjano. Mama akiwasha nyeupe anazima ya kwake, na ya maziwa yanayofuata inapungua. Watoto wa miaka minne, mitano nao mboni zao ni pana na lenzi zao safi; taa ambayo mzazi haioni kuwa kali inakata melatonini ya mtoto zaidi sana. Wa sekondari saa yao imechelewa kwa umri, si uvivu. Kumpigia kelele saa 11 alfajiri hakubadilishi tezi, kuzima taa mapema na kumtoa juani asubuhi kunabadilisha.

Kwa wazee kiwango kinashuka, na lenzi iliyoingia ukungu inazuia mwanga wa asubuhi usiifikie saa. Mzee anayeshinda kitandani chumba cha giza, anasinzia mchana kutwa, kisha anakesha, atolewe barazani asubuhi. Baraza lilijengwa kwa kazi hiyo.

Dawa za presha za kundi la beta-bloka, kama atenololi na propranololi, zinaziba kipokezi kile kinachopokea noradrenalini kwenye tezi, na melatonini inashuka. Mgonjwa anayelalamika usingizi umekatika tangu aanze dawa hizo amwambie daktari, asiziache mwenyewe, kwani kuziacha ghafla ni hatari kwa moyo. Sigara inaharakisha ini kuiondoa melatonini. Kahawa, pamoja na fluvoksamini ambayo ni dawa ya sonona, zinachelewesha kuondoka kwake.

Kidonge

Vidonge vinavyouzwa zaidi ni vya miligramu 3, 5 na 10. Linganisha na mikrogramu 30 za tezi: miligramu 5 ni zaidi ya mara 150. Ini linakamata sehemu kubwa, inafika kwenye damu kama asilimia 15, na bado ni nyingi kuliko ya mwili. Kuongeza dozi hakuongezi faida kwa kiasi hicho. Kunaiacha homoni kwenye damu mpaka asubuhi, na asubuhi mtu anaamka mzito. Majumuisho ya tafiti 19 yaliyochapishwa 2013 yalikuta kidonge kinamwahisha mtu kulala kwa dakika 7 na kumwongezea dakika 8 za usingizi. Hizo ndizo nguvu zake kama dawa ya usingizi. Nguvu yake halisi iko kwenye kusogeza saa, na huko wakati unashinda dozi. Anayelala saa 8 usiku na anataka kuwahi, nusu miligramu masaa 4 hadi 6 kabla ya muda aliouzoea kulala inafanya kazi kuliko miligramu 10 akiwa kitandani. Baada ya kumeza asiendeshe chombo. Na akimeza asubuhi, saa inasukumwa kinyume.

Mfanyabiashara wa korosho anayekwenda Vietnam, walio mbele yetu kwa masaa manne, ameze saa ya kulala ya kule, siku nne hivi. Anayekwenda Makka hahitaji, saa ya Saudia ni yetu.

Ubora ni suala zito. Mwaka 2017 watafiti walipima bidhaa 31 za melatonini zilizonunuliwa Kanada: nyingine zilikuwa na pungufu ya asilimia 83 ya kilichoandikwa, nyingine zimezidi kwa asilimia 478, na 8 zilikuwa na serotonini ndani yake. Kwa hiyo melatonini ya kubebwa kwenye mkoba na kuuzwa mtaani haifai hata kwa bei ya bure. Tafuta famasia, uliza aina: ya kuyeyuka mara moja inaweza kugawanywa, ya kuyeyuka polepole haikatwi wala haitafunwi. Anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), mwenye kifafa, mjamzito, na anayetumia nifedipini (dawa ya presha) waulize kwanza. Kwa hao wa nifedipini melatonini imeonekana kupandisha presha. Mtoto asipewe bila daktari.

Kuna kundi moja ambalo kwao kidonge kinafanya hasa kazi ya tarishi. Ni wasioona kabisa, hata mwanga hauwafikii. Si wote: wapo ambao hawaoni kitu lakini retina zao bado zina seli za melanopsini zilizo hai, na saa zao ziko sawa, kwa hiyo jicho lisiloona lisiondolewe bila sababu ya kitabibu. Wale ambao njia imekatika saa yao inateleza kila siku dakika kadhaa, wiki mbili wanalala usiku, wiki mbili wanalala mchana, na nyumba inadhani wamekuwa wavivu. Kwao nusu miligramu kila jioni inaweza kuifunga saa kwenye masaa 24. Inachukua wiki kadhaa kushika, kwa sababu inasubiri saa izunguke mpaka ikutane na muda wa kidonge. Imezwe saa ileile kila siku, Ijumaa na sikukuu pia. Akiacha, kuteleza kunaanza tena.